Klipu za kubusti zilipogeuzwa: kipi huungua, na ukaguzi uanzie wapi

Msomaji ameniandikia hivi: "Betri ya gari langu iliisha chaji, nikaomba gari la jirani lije kunibusti. Kwa haraka tuliyokuwa nayo, upande wa gari langu tulifunga waya mwekundu kwenye hasi na mweusi kwenye chanya. Zikaruka cheche kubwa, tukachomoa baada ya sekunde chache, kisha tukafunga sawasawa na gari likawaka. Tangu siku hiyo taa ya betri kwenye dashibodi haizimiki, redio imekufa kabisa, na kila asubuhi nakuta betri imeisha tena. Fundi ameniambia kompyuta ya gari imeungua na ninunue nyingine. Je, ni kweli? Na tulipaswa kufanyaje?"

Ndugu msomaji, nianze na lile linalogusa mfuko wako: usinunue kompyuta bado. Injini inayowaka na kutulia bila kukatakata ni ushahidi mzuri kwamba kompyuta yake iko hai, kwa sababu katika magari ya leo ndiyo inayoamuru mafuta yapulizwe lini na plagi zichome lini. Dalili zote tatu ulizozitaja zinaelekeza kwanza kwenye fyuzi kuu, kwenye alternata (jenereta ya gari inayochaji betri injini ikizunguka) na kwenye fyuzi ya redio, na vitu hivyo vyote hupimwa kwa mita ya kawaida kabla ya mtu yeyote kutoa fedha yake. Ili uone kwa nini nasema hivyo, inabidi tuufuate umeme kule ulikopita katika zile sekunde chache.

Betri mbili zinapounganishwa sawasawa, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinasaidiana kuvuta mzigo mmoja huku volti zikibaki kumi na mbili na kidogo. Zikiunganishwa kinyume, zinakuwa zimefungana mfululizo katika duara moja, volti za hii zikijumlishwa na za ile, na kinachobaki kuzuia mkondo ni ukinzani mdogo mno wa nyaya na wa betri zenyewe. Mkondo hupanda papo hapo hadi mamia ya ampia, na kama betri zote mbili zina nguvu na nyaya ni nene, unaweza kuvuka ampia 1,000. Hizo ndizo cheche mlizoziona. Ndiyo sababu pia meno ya klipu huachwa na mashimo meusi, ganda la waya hulainika mkononi, na katika hali mbaya zaidi betri hupasuka na kurusha asidi.

Sasa, betri yako ilikuwa imeisha, na hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawalifikirii. Betri yenye chaji hujitahidi kushikilia volti zake hata inapovutwa kinyume, kwa hiyo huvikinga kwa kiasi fulani vifaa vilivyo nyuma yake. Betri iliyokufa haina uwezo huo: ukinzani wake wa ndani umepanda, na umeme uliogeuzwa huipita na kuingia moja kwa moja kwenye nyaya za gari. Kwa maneno mengine, gari lililo hoi zaidi ndilo linaloumizwa zaidi na kosa lile lile.

Kifaa cha kwanza kuupokea umeme huo ni alternata. Ndani yake mna dayodi, kwa kawaida sita au zaidi, zinazogeuza mkondo geu (AC) unaozalishwa humo kuwa mkondo mnyoofu (DC) wa kuchaji betri. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu, na katika hali ya kawaida zimewekwa hivi kwamba betri haiwezi kurudisha umeme wake ndani ya alternata. Ukigeuza chanya na hasi, mlango huo uliokuwa umefungwa unafunguka wote: dayodi zote zinapitisha kwa pamoja, na alternata inakuwa shoti iliyo wazi kati ya nguzo mbili za betri. Kinachofuata ni mashindano ya joto kati ya dayodi na fyuzi kuu ya waya wa alternata, ambayo katika magari mengi madogo huwa kati ya ampia 80 na 150. Pengine fyuzi huwahi kukatika na dayodi zikasalimika. Pengine dayodi moja au mbili huungua kwanza. Mara nyingine huharibika vyote viwili.

Katika sekunde hizo alternata hulikinga gari lote lililobaki, kwa sababu maadamu dayodi zake zinapitisha, volti za kinyume zinazofika kwenye vifaa vingine hubanwa zikawa chache tu. Fyuzi kuu ikishakatika, ngao hiyo huondoka, na vifaa vyote vilivyounganishwa na betri muda wote hupokea umeme wa kinyume kwa ukamilifu wake. Hivyo tofauti kati ya sekunde moja na sekunde tano katika kosa hili si ndogo hata kidogo. Vifaa vinavyobaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa ni kama redio, kengele ya wizi na moduli, yaani kompyuta ndogo, inayosimamia milango na taa. Kompyuta ya injini kwa kawaida hupata umeme wake mkubwa kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayofunga pale tu swichi ya gari inapowashwa, na nyingi zina kinga yake ndani dhidi ya kugeuziwa umeme. Ikiwa swichi yenu ilikuwa imezimwa wakati ule, kufa kwa redio na kupona kwa kompyuta ndiyo matokeo ambayo ningeyatarajia.

Tuje kwenye ukaguzi. Kwanza chaji betri kikamilifu kwa chaja ya ukutani, kisha iache itulie saa kadhaa ikiwa imefunguliwa kwenye gari. Itazame pia kwa macho: ikiwa imevimba, ina ufa au inavuja, isirudi garini. Betri nzima ya asidi na risasi ikitulia husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebakiwa na nusu hivi ya chaji yake. Ikigoma karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa, chumba kimoja kati ya vyumba vyake sita kimekufa, na betri ya namna hiyo itakupotosha katika kila kipimo kitakachofuata. Hakikisha pia kwamba mita inasoma chanya pale panapopaswa kuwa chanya. Betri iliyoisha kabisa kisha ikachajiwa kinyume inaweza kugeuka nguzo zake, jambo lisilotokea mara nyingi, ila likitokea bila kutambuliwa husababisha hasara ya pili kubwa kuliko ya kwanza.

Betri ikisharudishwa garini na injini ikiwa imezimwa, gusisha ncha nyekundu ya mita kwenye boliti ya waya mnene nyuma ya alternata, na nyeusi kwenye chuma cha injini. Hapo panapaswa kusoma volti zile zile za betri. Ukipata sifuri au karibu na sifuri, fyuzi kuu imekatika. Katika magari mengi fyuzi hiyo huwa ndani ya kisanduku kilicho karibu na betri, imefungwa kwa boliti wala si ya kuchomoa kwa vidole, na mara nyingi ina kidirisha chembamba ambacho ndani yake unaona ukanda wa chuma uliokatika katikati na alama ya kuungua pembeni. Tafadhali fungua hasi ya betri kabla ya kuigusa, na uweke nyingine yenye ampia zile zile. Nimeona watu wakiiziba kwa kipande cha waya ili wafike nyumbani, na nasema bila kusitasita kwamba huko ni kuliandalia gari moto.

Ikiwa fyuzi ni nzima, washa injini na upime kwenye betri. Alternata yenye afya hutoa kati ya volti 13.5 na 14.7. Ukisoma 12 na kitu, na namba inazidi kushuka, alternata haichaji. Hata ukisoma 13.8 usiridhike upesi, kwa sababu alternata yenye dayodi moja iliyokufa inaweza bado kuonyesha namba nzuri huku nguvu yake imepungua. Geuza mita iwe kwenye volti za mkondo geu, washa taa na feni, kisha upime tena pale pale kwenye betri. Mabaki ya mkondo geu yakivuka nusu volti, kuna dayodi iliyoharibika.

Kuhusu betri kuisha usiku, kipo kipimo ambacho hakihitaji hata mita. Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, weka kiganja kwenye ganda la alternata, kisha kwenye chuma kingine cha injini kilicho jirani. Vyote viwili vinapaswa kuwa na ubaridi ule ule. Alternata ikiwa na uvuguvugu wakati gari limelala usiku kucha, umeme wa betri umekuwa ukivuja humo kupitia dayodi zilizokufa. Ukitaka uhakika wa namba, funga mita ya ampia kati ya terminali ya hasi na waya wake, ukianzia kwenye kipimo cha ampia 10, funga milango, na usubiri nusu saa au zaidi hadi moduli zote zilale. Magari mengi hapo huvuta chini ya miliampia 50. Ukipata nusu ampia au zaidi, ondoa mita, tenga waya mnene wa alternata na uufunike vizuri usiguse chuma, kisha upime tena. Mvujo ukitoweka, mhalifu umempata. Usipige stata wala usiwashe swichi mita ikiwa bado katikati, kwa kuwa itaungua fyuzi yake ya ndani.

Redio ina habari njema zaidi kuliko watu wanavyodhani. Redio nyingi za gari zina dayodi ndogo mlangoni mwa umeme, iliyowekwa makusudi ipige shoti na kukata fyuzi pale umeme unapogeuzwa. Kagua fyuzi yake, ile ya kwenye kisanduku na ile iliyo nyuma ya redio yenyewe kama ipo. Ukibadilisha na redio ikawaka, huenda ikadai namba ya siri, na hiyo si hitilafu. Fyuzi mpya ikikatika tena papo hapo, dayodi ile imeungua ikabaki shoti, na fundi wa redio huibadilisha kwa kazi ndogo.

Baada ya haya yote, na baada tu ya umeme wa kuchaji kurudi katika hali yake, ndipo gari liunganishwe na mashine ya kusoma hitilafu. Mashine ikizungumza na kompyuta ya injini, kompyuta hiyo haijafa. Utakuta rundo la hitilafu zinazotaja volti ndogo au mawasiliano kupotea, nazo ni za kawaida kwa gari ambalo betri yake iliisha. Zifutwe, gari liendeshwe siku mbili tatu, na zichunguzwe zile tu zitakazorudi. Fundi anayehukumu kompyuta kabla ya hatua hizi anabahatisha kwa fedha yako, na una haki ya kumwomba akuonyeshe kipimo alichokitegemea.

Swali lako la pili ni mlipaswa kufanyaje. Mpangilio wenyewe una hatua nne tu. Waya mwekundu unaanza kwenye chanya ya betri iliyoisha, kisha kwenye chanya ya gari linalosaidia. Mweusi unaanza kwenye hasi ya gari linalosaidia, na klipu ya mwisho inakwenda kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililoisha betri, au kwenye nguzo maalumu iliyotengwa na kiwanda, mbali na betri. Magari yote mawili yawe yamezimwa swichi wakati wa kufunga, na yasigusane bodi, kwa sababu bodi zikigusana tayari hasi zimeungana bila wewe kukusudia. Usiamini rangi ya waya uliochakaa wala kifuniko chekundu kilichohamishwa na fundi aliyetangulia. Futa vumbi na utafute alama za + na − zilizochongwa kwenye betri yenyewe.

Kila sehemu ya mpangilio huo ina sababu yake. Mwekundu hutangulia kwa kuwa ukitanguliza mweusi, klipu nyekundu iliyolegea mkononi itapiga shoti kwenye chuma chochote cha gari itakachogusa. Klipu ya mwisho hukaa mbali na betri kwa sababu ndiyo itakayotoa cheche, na betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Zaidi ya hayo, magari mengi ya miaka ya karibuni yana kihisi kidogo kwenye terminali ya hasi kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukifunga klipu juu ya terminali hiyo, unakiruka kihisi, na gari litakuwa na hesabu isiyo sahihi ya chaji ya betri yake.

Kosa jingine linaloumiza kimyakimya ni nyaya nyembamba. Chukua nyaya mbili za mita tatu kila moja, zenye shaba ya milimita za mraba 6 tu, na stata inayovuta ampia 200. Ndani ya nyaya peke yake hupotea takriban volti 3.5, na stata inabaki na volti chache mno za kugeuza injini. Kwa shaba ya milimita za mraba 25, urefu ule ule hupoteza chini ya volti moja. Nyaya nyingi zinazouzwa kwa bei ndogo zina ganda nene la plastiki na shaba kidogo ndani, kwa hiyo unene wa nje usikudanganye. Ukiwa na nyaya za namna hiyo, dawa ni subira: washa gari linalosaidia, liache lichaji betri iliyoisha kwa dakika tano hadi kumi, ndipo upige stata, kila mara si zaidi ya sekunde kumi, kisha upumzike. Kupiga stata mfululizo kwa volti ndogo hupasha moto stata na nyaya, na volti zinazopanda na kushuka hovyo huzichanganya kompyuta.

Gari linalosaidia liwe la volti 12 kama lako. Malori mengi na mabasi makubwa hutumia volti 24, na kulibusti gari dogo kutoka humo huunguza taa, moduli na betri hata kama klipu zote zimefungwa sawasawa. Gari la mseto, lenye injini na mota ya umeme, kwa kawaida hupokea msaada kwenye betri yake ndogo ya volti 12, lakini viwanda vingi hukataza lisitumike kuwasha gari jingine. Soma kitabu chake kwanza. Kama unatumia betri ndogo ya kubebeka ya kubusti, nayo mara nyingi ina kinga inayogoma klipu zikigeuzwa. Mara nyingi pia ina kitufe cha kulazimisha umeme utoke, na kitufe hicho huzima kinga hiyo, kwa hiyo kisiguswe kabla hujathibitisha chanya na hasi kwa macho yako.

Wengi hufunga kwa uangalifu, kisha gari likiwaka wanachomoa kwa furaha bila mpangilio. Alternata inayosukuma mkondo mkubwa haiwezi kupunguza nguvu yake mara moja, kwa hiyo mzigo ukiondolewa ghafla, volti huruka juu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16750-2, kinachotumika kupima vifaa vya umeme vya magari, huchukulia kwamba betri ikitengana na alternata inayochaji bila kinga yoyote, mruko katika gari la volti 12 unaweza kufika kati ya volti 79 na 101 kwa sehemu ya sekunde. Alternata za kisasa zina dayodi za kuukata mruko huo, lakini hakuna haja ya kuzijaribu. Baada ya injini kuwaka, iache itulie dakika chache, washa feni na kipasha moto cha kioo cha nyuma ili vimeze mruko, kisha chomoa kwa kurudi nyuma: mweusi wa kwenye injini kwanza, mwekundu wa gari lililosaidiwa mwisho. Kwa sababu hiyo hiyo, ile tabia ya kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inanguruma ili "kupima alternata" ikataliwe kabisa, awe ni nani anayetaka kuifanya. Mita hutoa jibu lile lile bila kuhatarisha chochote.

Ukibadilisha alternata, usiiweke kwenye betri iliyoisha. Alternata imeundwa kujazia chaji iliyopungua kidogo, na ikipewa betri tupu hufanya kazi kwa nguvu zake zote kwa muda mrefu, hasa injini ikiwa katika mzunguko wa chini ambapo feni yake haipoozi vya kutosha, na dayodi mpya huchemka kama zile za zamani. Betri ya ampia-saa 60 ichajiwe kwa chaja ya takriban ampia 6, usiku mzima, ndipo alternata mpya ianze kazi yake.

Mwisho, mjulishe jirani yako. Betri yake ilikuwa katika duara lile lile na ilitoa mamia ya ampia, na kama injini yake ilikuwa inanguruma, alternata yake nayo ilisukuma hadi kikomo chake kupitia fyuzi yake kuu. Kwa kuwa upande wake chanya na hasi hazikugeuzwa, hatari kwake ni ndogo kuliko yako, lakini apime volti za betri ikiwa imetulia na injini ikiwa imewaka, na atazame kama terminali zake zimeyeyuka au betri imevimba, kabla hajaliegemea gari hilo kwa safari ndefu.